Ampea Thelathini

Mvua ya Juni ilikuwa imewasukuma watu wa Akihabara wote ndani ya maduka. Katika duka la bunduki za mchezo, zile zinazofyatua vidonge vya plastiki, watu walibanana hata kugeuka kulihitaji kuomba radhi. Chigusa aliomba radhi, akageuka, na mwavuli wake ukamwaga maji yote kwenye kiatu cha kijana mmoja mrefu.

"Samahani sana, kaka!"

"Si kitu. Kiatu chenyewe kilikuwa kinadai kuogeshwa."

Chigusa akacheka. Alivaa koti la mvua la rangi ya nili, nywele kazibana juu kwa kibanio cha mbao, kwani alitoka moja kwa moja kazini Asakusa, anakovalisha maharusi kimono. Mkononi alishika betri nene kama mche wa sabuni. Kijana yule, Yasuhito, fundi wa kulinganisha sauti za piano, aliitazama betri, akamtazama mwenye betri, na papo hapo akasahau kilichomleta dukani.

"Dada, hiyo unakwenda kuitia wapi?"

"Kwenye bunduki. Ulidhani kwenye chai?"

Akamwonyesha picha ya bunduki yake kwenye simu. Yasuhito akatikisa kichwa.

"Haitaenea kwenye kitako cha bunduki. Kwa nini umechagua hii?"

"Imeandikwa C hamsini. Kubwa si ndiyo bora?"

"C inakwambia betri inaweza kuachia umeme kwa kasi gani bila kuumia. Chukua hii ndogo. Ujazo wake ampea-saa moja na nusu, C yake ishirini. Zidisha."

"Thelathini."

"Basi inatoa ampea thelathini. Bunduki yako hata ikivuta vipi haifiki hapo. Inatosha na kubaki."

"Na ile kubwa ingeiunguza?"

"Wala. Bunduki huvuta inachohitaji tu. Balaa ni bunduki kutaka kingi, betri ikawa haina. Hapo betri hupata moto, ikavimba."

"Kaka, unavyoisifia, mtu atadhani unaiposa."

Yasuhito akaona haya hadi masikioni. Akailipia betri ile ndogo, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Ujira wako. Wa kuosha kiatu."

Majira ya joto yakawapitia kama usingizi wa mchana. Kila Jumapili walipanda treni hadi kwenye uwanja wa mchezo katika misitu ya Chiba, ambako asubuhi ukungu ulilala juu ya mianzi na wachezaji walipita ndani yake kimya kama vivuli. Mchana walikula wali wa kari kwenye sahani moja. Jioni, ndani ya treni, Chigusa alisinzia begani kwa Yasuhito, nywele zake zikinukia majani na jasho, naye Yasuhito alijizuia hata kukohoa.

"Umelala?" Yasuhito alimuuliza kwenye simu Jumamosi moja.

"Nimelala. Unaongea na ndoto."

"Basi, ndoto yangu, kesho unanijia na nini?"

"Siri. Uje na macho yako yote mawili."

Siri yenyewe ilikuwa hii: Chigusa alichoka kuachwa nyuma na timu ya Yasuhito. Alimwomba rafiki yake Fumie, aliyezoea kufungua bunduki, amtilie mota yenye nguvu na springi ngumu. Bunduki ikawa mpya. Betri ikabaki ileile, hakuna aliyeikumbuka.

Kesho yake bunduki ya Chigusa ilifyatua kwa kasi iliyowafanya wenzake wageuke. Yasuhito alitabasamu kutoka upande wa pili. Kisha mlio ukalegea, ikasikika harufu tamutamu kama ya rangi ya kucha, na kitako kikapasuka kwa betri iliyotuna ndani. Yasuhito alifika mbio, akaipokonya bunduki, akaichomoa betri na kuitupa kwenye ndoo ya mchanga.

"Umeifanya nini?" alifoka, watu waliokuwa wakila pembeni wakimsikia. "Yote niliyokueleza yameingia sikio hili yametokea lile?"

"Mimi si mwanafunzi wako," Chigusa alisema taratibu. "Umenipa betri ya kitoto, halafu unanifokea mbele za watu."

Akaondoka. Kutoka siku ile simu yake ililia ndani ya mkoba kama kichanga asiye na mama, wala hakuipokea. Mchana aliwafunga maharusi mikanda ya hariri, akiwatakia heri kwa sauti iliyotoka mbali.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, Fumie alishindwa kuvumilia, akampigia Yasuhito.

"Mota niliitia mimi, we bwana! Alitaka kukufurahisha."

"Mota? Mota gani?"

"Kumbe hata hukumuuliza?"

Yasuhito alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Jumapili iliyofuata ukungu ulikuwa mzito. Chigusa, aliyekuja kwa kubembelezwa na Fumie, alijibanza nyuma ya mianzi. Mbele yake mtu akasimama wima, mikono juu, kama afanyavyo aliyepigwa anapotoka mchezoni.

"Nimepigwa!"

"Muongo. Sijafyatua."

"Najua. Nataka nitoke nawe." Ilikuwa sauti ya Yasuhito. "Chigusa, niliogopa. Woga ukatoka kama hasira. Nilipaswa kuuliza kwanza."

Chigusa aliona kovu la moto, jekundu, kwenye vidole viwili vya Yasuhito. "Umeungua lini?"

"Siku ile, kwenye betri."

"Na piano?"

"Nilipumzika kidogo."

"Mjinga wewe," alisema, akavishika vidole vile akavilaza shavuni mwake. "Mimi pia nilinyamaza. Ningekwambia tu."

"Nivumilie, basi. Siku zote. Nyumba moja."

Tone la umande lilidondoka kutoka kwenye mwanzi, likafuatwa na jingine.

"Nyumba yenye dirisha la mashariki," alisema Chigusa mwishowe.

Walitoka msituni wameshikana mikono. Nahodha wa timu ya Yasuhito akawapungia kwa mbali.

"Vipi huko, mmeuana?"

"Tunaoana!" Chigusa alipaza sauti.

"Nasema, mmeuana?"

"Na mimi nasema tunaoana, babu kiziwi wewe!"