Kope ya Kavugho

Kila asubuhi Kavugho alikuwa wa kwanza kufika shuleni, wala si kwa sababu ya bidii. Alipenda kuwahi ili asiwapite wenzake wakiwa wamesimama makundi makundi mlangoni, maana hakuna kundi lililokuwa lake. Alikaa kwenye benchi la nyuma, akapanga kalamu na daftari lake, akangoja kengele.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Mama yake alipofariki, baba yake, mfanyabiashara wa Butembo aliyesafirisha chumvi na sabuni kwa lori kupitia Lubutu, alimwacha mjini Kindu kwa mama yake mdogo, Kyakimwa, mwenye duka katika mtaa wa Mikelenge. Shuleni aliitwa Kavugho tu, kwa kuwa siku hizo serikali ya Zaire ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu. Nyumbani mama mdogo alimwita Apolline, baada ya kuchungulia mlangoni kwanza. Majina mawili, lakini mtu wa kuzungumza naye hakuna. Kyakimwa alikuwa mtu wa duka: wateja kwanza, maneno baadaye, na hayo maneno ya baadaye mara nyingi yalikuwa "nenda kalale".

Katika darasa zima, msichana mmoja tu, Mwanahamisi, ndiye aliyemsalimu kwa jina lake. Kavugho aliibeba salamu hiyo kutwa nzima. Aliyewahi kuwa mgeni darasani anajua ninachosema.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji. Wanafunzi nao walifyeka majani kando ya barabara kwa kupekupe, vyuma virefu vyembamba vilivyopindwa ncha. Mwalimu aliwaamuru wasimame mbalimbali, kila mtu na nafasi yake. Lakini kazi ilifanywa kwa nyimbo za kusifu chama tawala, na waimbaji hodari walipenda kusogeleana ili sauti zao zishikane na vyuma vyao vishuke kwa mpigo mmoja. Mwalimu akiwepo walitawanyika. Akigeuka tu, walirudi pamoja.

Jumamosi moja mwalimu alikwenda kumpokea mkubwa wa salongo. Mara moja wasichana wakakusanyika, Mwanahamisi akaanzisha wimbo. Kavugho alikuwa peke yake mwisho wa mstari. Alisogea hatua moja, akasogea tena. Alitaka sauti yake nayo ihesabiwe. Alifika nyuma ya Mwanahamisi, akafungua kinywa kuitikia, na hapohapo Mwanahamisi akarudisha mkono nyuma ili afyeke. Ncha ya chuma ikampata Kavugho kwenye kope ya juu ya jicho la kushoto.

Damu ilimwagika mpaka shingoni. Mwanahamisi alitupa chuma chake, akamshika mabega.

"Kavugho, nakuomba, usinitaje! Baba ataniondoa masomoni. Sema njo mwiba, ni mwiba tu. Nitakuwa rafiki yako kila siku."

Rafiki kila siku! Kavugho angekubali hata kwa kidogo kuliko hicho. Mwalimu aliporudi akiwa ameshtuka, yeye mwenyewe ndiye aliyesema: "Nilianguka, mwalimu. Mwiba ulinichoma."

"Mwiba?" alisema Kyakimwa dukani, huku akimpimia mteja mafuta. "Mwiba si kitu." Akamwita jirani yao, Mama Albertine, aliyekuwa akinyonyesha, naye akakamua maziwa yake ndani ya jicho lile, kama wanawake wengi wa mtaa walivyofanya mtoto akiumwa macho. Kisha wakamfunga kitambaa. Kama Kyakimwa angejua kwamba ni chuma chenye kutu, angefunga duka saa ileile. Lakini hakujua, maana hakuambiwa.

Kidonda kilipona kivyake, na vibaya. Ukingo wa kope ulibaki na ufa, na kovu likaivuta kope juu, hata jicho halikuweza kufumba. Vumbi la barabara liliingia, moshi wa makaa ukaingia. Machozi yalitiririka hata pale ambapo Kavugho hakuwa akilia, na maandishi ya ubaoni yakaanza kuonekana kana kwamba yameandikwa chini ya maji.

Na rafiki je? Mwanahamisi alikaa naye siku chache, huku akitazama upande mwingine. Halafu akahamia benchi la mbele. Halafu hata salamu ikakoma. Watoto wengine walicheka kwamba msichana wa Butembo analala jicho wazi kama mlinzi wa duka. Kavugho alikuwa ametoa jicho lake anunue urafiki, na urafiki wenyewe hakuupata. Sasa upweke wake ulimuuma kuliko zamani, kwa sababu ulikuwa na siri ndani yake.

Mwalimu alipomwona akisoma huku ameziba jicho moja kwa kiganja, alikwenda mwenyewe dukani. Kesho yake, siku ya soko, Kyakimwa alifunga duka na kumpeleka hospitalini.

Daktari Sikuli alimulika jicho lile kwa muda mrefu. "Mama, hiki kioo cha jicho kimekauka, kimeanza kuwa na kidonda. Tukingoja, mutoto atapoteza jicho. Inafaa nitengeneze kope leo." Akamgeukia Kavugho. "Ulisema ni mwiba. Basi kipande kinaweza kuwa kimebaki ndani. Nitapasua mpaka huku juu, nikitafute. Njo mwiba kweli?"

Kavugho alitazama sakafu. Akisema kweli, Mwanahamisi hatamsamehe kamwe, na hata lile tumaini dogo litakwisha. Akinyamaza, atapasuliwa ili kitafutwe kitu kisichokuwepo.

"Hapana, munganga," alisema. "Ilikuwa kupekupe. Mwanahamisi hakunikusudia. Mimi njo nilimusogelea."

Kyakimwa alishika kichwa. "Chuma? Apolline! Na mimi nikakutia maziwa! Kwa nini haukuniambia?"

"Aliniambia atakuwa rafiki yangu, mama mudogo. Sikuwa na mwingine."

Kyakimwa alivuta kiti, akaketi karibu na mtoto. Daktari aliamuru apigwe kwanza sindano ya pepopunda, akasema hatapasua mahali pasipo na sababu.

Walimfunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja. Sindano ya ganzi ilichoma sana, kisha kope ikafa ganzi. Kavugho alisikia mkasi ukikata kovu, na uzi ukipita ukiunganisha kingo mbili za ufa. Chini ya kitambaa alijiona yuko peke yake kuliko siku zote za maisha yake. Kisha akahisi mkono umeshika mguu wake. Ulikuwa wa mama mdogo, na haukumwachia mpaka mwisho.

Siku mbili baadaye, baada ya Kyakimwa kwenda kwao kueleza, Mwanahamisi alikuja hospitalini na baba yake. Hakuwa ameondolewa masomoni. Alisimama mbali na kitanda, akalia. "Kila nikikuona nilikuwa naona mukono wangu. Njo maana nilikimbia. Nisamehe."

Kavugho alikuwa ameumia, na kuumia hakuishi kwa neno moja. Mwishowe alisema, "Keti," naye Mwanahamisi akaketi.

Siku ya kutoa nyuzi, mbele ya Kyakimwa na wagonjwa wengine, daktari alimwambia Kavugho afumbe macho. Akayafumba.

"Unaona nini?"

"Giza," alijibu. "Pande zote mbili!" Akacheka, kisha akalia, na machozi hayo yalikuwa yake kweli.

"Vizuri. Sasa musikilize ninyi wote," alisema daktari. "Maziwa ni ya mutoto kunywa, si dawa ya jicho, wala majani, wala maji ya mizizi. Jicho likiumia, lifunikeni kwa kitambaa safi na kumleta mugonjwa hapa siku hiyohiyo. Ukishika chuma, angalia nyuma yako. Na wewe, Kavugho, ni mimi wa kushona, lakini ni wewe wa kusema kilichokukata. Rafiki anayekutaka kweli hawezi kukuomba ufiche kidonda chako."

Kyakimwa alimshika mkono, wakatoka. Njiani, mbele za watu wote, alimuuliza kuhusu wenzake wa darasani, jina baada ya jina, na siku hiyo duka lilifunguliwa jioni tu.