Mraba wa Chini Kushoto

Kijivu hakikuwepo tena.

Hilo ndilo Tone aliloliona kabla ya mtu mwingine yeyote, tambara likiwa mkononi. Kioo kikubwa cha kompyuta ukutani kilionyesha ramani ya programu inayoendesha mashine za kupumulia za hospitali zote. Kila mraba ulikuwa kipande cha programu. Mraba mkubwa, maandishi mengi. Ukiwa mwekundu, una kasoro. Kijani, umepimwa na ni mzima. Kijivu, haujapimwa.

Mraba wa chini kushoto ulikuwa kijivu siku zote. Sasa ulikuwa kijani.

Na ulikuwa umenenepa.

Wahandisi walipita na vikombe vyao, wakakisifu kijani, wakamkwepa yeye na ndoo yake. Walimwita Dada Ndoo. Hakuna aliyejua kwamba chini ya dekio, ndani ya mfuko wa plastiki, ililala bastola yake, Beretta.

Kifaa cha mawasiliano kikakwaruza sikioni mwake. Alikuwa Shangazi. Hawakuwa ndugu, huyo alikuwa mkuu wake.

"Jana saa nne asubuhi mashine moja ilijizima. Mgonjwa amekufa. Lile lilikuwa jaribio la wale wageni tunaowawinda. Leo saa nne wanazima zote, mia tatu na kumi. Mtu wa humo ndani ameitia programu sumu. Niambie wapi."

Tone alitazama saa yake ya Casio. Saa tatu na dakika arobaini na moja.

"Chini kushoto."

"Wakaguzi wetu wanasema hapo ni kijani."

"Pamepakwa. Kipande cha programu hakikui hivyo bila kuwa chekundu hata siku moja."

"Nani anapanga rangi?"

Tone aliinua ndoo yake.

"Babu Miwani."

Mtu pekee katika jengo zima aliyeitikia shikamoo yake. Siku moja mzee huyo alimkuta Tone akiikodolea ramani, akamvutia kiti, akamfundisha mraba kwa mraba, kila mchana, bila kumcheka. Kijivu ndicho cha kuogopa, alimwambia. Nyekundu angalau inakiri.

Ghorofa ya tatu, ofisi ya Babu Miwani. Mlango haukuwa umefungwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Leo unaanzia kudeki huku?"

"Toa mikono kwenye kibodi."

Mzee aliitazama bastola, akacheka kidogo. Akasema miaka ishirini amejenga yeye, wakapigiwa makofi wengine. Wageni walimsikiliza.

"Vichwa vyote vya jengo hili," alisema, "na umeona wewe."

"Ulinifundisha wewe."

Kidole cha mzee kilikimbilia kibodi. Angeweza kuzizima mashine zote wakati huohuo.

Tone alifyatua mara moja.

Kibodi ikapasuka vipande viwili.

"Tumekikata hicho kipande," Shangazi alisema sikioni. "Mashine zote zinafanya kazi. Umefanya vizuri, mwanangu."

Walinzi walimpitisha mzee mbele ya ramani. Chini kushoto palikuwa kijivu tena. Aliweka miwani yake sawa, akautazama mraba. Tone hakumtazama.

Tone akakamua dekio, akairudisha Beretta mahali pake, akashuka ngazi taratibu kama mtu aliyemaliza zamu. Mlangoni akaitua ndoo. Akabonyeza kifaa.

"Shangazi."

"Nakusikia."

"Ule mraba ulikuwa kijani tangu juzi, kabla ya yule mgonjwa kufa. Niliuona. Nikanyamaza, kwa sababu ni yeye."

Akakitoa kifaa sikioni, akakitumbukiza ndani ya ndoo, akaenda zake.