Aliyempakata Mtoto wa Lavender

Sista Dinah alimshukuru Wakio kwa kazi ambayo Wakio hakuifanya.

"Nyanya, asante," alisema, amesimama mlangoni pa nasari ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, shingo imelowa jasho la Voi. "Saa tatu nzima umempakata bila kulalamika. Wengine hapa nusu saa wanaomba kwenda choo."

Wakio alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye benchi la nje, karibu na kamba za kuanikia mashuka, alikokaa tangu asubuhi akitafuna njugu. Nasari hakuwa ameingia. Maganda ya njugu yalikuwa bado kwenye sketi.

Mtu mwenye akili angesema, sista, si mimi. Wakio akasema, "Ni wajibu."

Lavender, mke wa mwanawe Danson, alipandwa na presha mimba haijafika miezi saba. Wakampasua haraka, mtoto akatoka na gramu elfu moja na mia mbili, yaani pakiti ya sukari na kikombe. Danson alikuwa kazini kwenye reli upande wa Mtito, simu yake inashika mara moja kwa siku. Lavender yuko wodi nyingine, hajiwezi hata kukaa. Akabaki nyanya.

Sista alikuwa amemweleza vizuri. Mtoto wa namna hii hashibi blanketi, anataka ngozi ya mtu. Unavua blauzi, unamlaza kifuani na nepi na kofia tu, miguu imekunjwa kama chura, unamfunga na leso, unaegemea kiti, unatulia. Kangaruu, wanaiita. Mtoto bado ni mchanga mno, hata kupumua anasahau, kwa hiyo kifua chako kinapopanda na kushuka kinamkumbusha.

Wakio aliitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma, na moyoni alikuwa ameshakataa. Kuvua blauzi mbele ya wasichana wadogo, na maziwa yenyewe yamelala kama soksi mbili? Halafu kilichokuwa ndani ya kisanduku cha kioo, alichokiona kupitia dirisha, kilimtia haya kuliko huo uchi. Kilikuwa chekundu, ngozi inaonyesha mishipa, kama panya wa jana. Miaka miwili alikuwa anawaambia kina mama wa kanisa kule kwao Ronge, mlimani, kwamba mwanawe ameokota Mjaluo wa kambi ya makonge, na hapo hapatatoka kitu cha maana. Sasa ni kama kinywa chake kimejibiwa, na atawaonyesha nini?

Hata kabla ya shukrani hizo, Rachel wa kwaya alipopiga simu kuuliza ni kijana au msichana, Wakio alikuwa amesimama mlangoni pa nasari. Alisema, "Usiwaambie watu. Kile kilichotoka si mtu. Kitaenda chenyewe."

Kiswahili cha Wakio ni safi. Shule aliacha darasa la pili, lakini alifua nguo miaka kumi na moja kwa Waswahili wa Voi mjini, na huko ukikosea neno unachekwa kutoka sebuleni mpaka jikoni. Alisema kile, na alijua alichosema.

Siku ya pili sista alimshukuru tena.

"Ameongeza gramu thelathini. Na ule wimbo wako, nyanya. Kidawida chenu sikijui, lakini kidogo nilale nimesimama."

"Wimbo," akasema Wakio.

"Shida ni moja. Kila ukimrudisha kwenye mashine anasahau kupumua. Jana alisahau nikahesabu kumi. Leo nimehesabu ishirini na tano kabla hajashtuka."

Wakio aliingia kuangalia. Ndani kulikuwa na harufu. Aliijua: ni ile ya maji machafu ya makonge yanayotoka kiwandani na kuozea juani, harufu inayokaa kooni. Alipouliza, sista akasema labda ni dawa ya deki. Wakio akapitisha mkono kwenye tundu la kisanduku akagusa unyayo, mdogo kama kidole gumba chake. Kipimo kinasema joto liko sawa, na unyayo ni baridi kama jiwe la kisimani. Mtoto akafumbua macho, akamtazama nyanya yake kama unavyomtazama mtu aliyebisha nyumba isiyo yake.

Akatoka akakaa benchi. Alikaa kidogo tu, kwa sababu benchi lenyewe lilianza kumchoma, na ilipofika saa nane mchana, jua limesimama na mashuka hayatikisiki kwenye kamba, alisikia wimbo, tena wimbo aliouimba mwenyewe akimlea Danson kule mlimani na ambao hajauimba tena mpaka leo, ukitoka dirishani kwa sauti yake mwenyewe, na akaenda kwa kunyata kama mwizi akaweka paji la uso kwenye kioo, akaona kiti cha kangaruu, na kwenye kiti mwanamke mzee amevua blauzi bila haya yoyote, amefunga leso ileile ya kijani ambayo Wakio alikuwa nayo kiunoni wakati huo, na kichwa cha mtoto kimechomoza kifuani, na mdomo wa yule mwanamke unaimba, unaimba, lakini kifua chake hakipandi wala hakishuki.

Uso ulikuwa wake. Hata pengo la jino.

"Umejiona," mtu alisema nyuma yake, chinichini.

Alikuwa Mzee Thadeus na ndoo yake. Jina la mtume, kazi ya kupiga deki. Hospitalini walijua kwamba nyumbani kwake Kaloleni huletewa watu waliopagawa, na kwamba wafagiaji wakiogopa chumba humwita yeye kwanza, padri baadaye.

"Nimejiona," akasema Wakio.

"Ndani umenona kuliko hapa nje."

"Usinifanyie mzaha, mzee."

"Si mzaha. Lile lililokaa humo linakula."

"Limetoka wapi?"

"Halikutoka mahali. Yapo tu. Mtoto wa mtu hayaibi, yanaogopa. Yanaokota kilichotupwa. Na wewe ulitupa pale mlangoni, nikiwa na ndoo yangu, nikasikia. Mtu ni yule. Kitu ni kile. Hata sisi Wakamba mnaotucheka tunajua hiyo."

"Lilikuwa neno."

"Ungesema 'hii mtoto' kama watu wa bara, pengine lingepita hivi. Lakini wewe unasema Kiswahili cha kitabu. Likaelewa."

"Na uso wangu?"

"Kiti chako kilikuwa wazi. Halafu ukapokea shukrani zake, mara mbili. Hizo ndizo kitambulisho chake humo ndani."

"Nipe hirizi."

"Ya kumvalisha wapi, mtoto hana hata shingo? Sikiliza. Kesho mama mtoto analetwa na kiti cha magurudumu. Uingie likiwa limekaa. Useme mbele yake uliyosema, na usiyofanya. Yote. Ukibakiza neno moja litaatamia hilo neno kama kuku. Halafu uvue umpakate."

"Mbele ya Lavender?"

"Ndiye uliyemtukana."

"Hakuna njia nyingine?"

Thadeus alikamua tambara lake. "Iko. Unanyamaza. Kesho jioni mtoto atakuwa amejifunza kutopumua kama mlezi wake, na wewe utarudi Ronge na heshima yako."

Usemwe ukweli: Wakio aliifikiria hiyo njia ya pili mpaka asubuhi.

Siku ya tatu, saa nane, Lavender alisukumwa na sista mpaka ndani, uso umevimba, mkono mmoja umeshika mshono. Alipoona kiti cha kangaruu akaanza kulia.

"Mama," alimwambia aliyekaa. "Mimi nilidhani hunipendi."

Yule akatabasamu na kuendelea kuimba.

"Lavender," Wakio akasema kutoka mlangoni.

Lavender aligeuka. Akaangalia mlangoni, akaangalia kiti, akaangalia mlangoni tena, na sista Dinah aliyekuwa ameshika kile kiti cha magurudumu alikiachilia kikarudi nyuma kikagonga ukuta, naye akashika msalaba wake shingoni na kuanza kusogeza midomo.

"Yule si mimi," Wakio akasema. "Sijampakata hata siku moja. Nilikaa nje, nikashukuriwa, nikanyamaza."

Wimbo ulikatika. Harufu ya makonge ikapanda mpaka macho yakatoa machozi. Yule mwanamke akaikaza leso, na mtoto akatulia mno.

"Hapumui," sista akanong'ona. "Nyanya, hapumui."

"Niliona haya kuvua nguo."

Leso ikakazwa tena.

"Malizia, mama," Thadeus akasema kutoka ukumbini. "Linaatamia."

Na Wakio, aliyewahi kumnyamazisha chifu mbele ya baraza, alitafuta maneno kinywani kama anayetafuta sindano kwenye majani, huku midomo ya mtoto ikigeuka rangi ya zambarau na Lavender akijaribu kuinuka na mshono ukimrudisha chini, mpaka maneno yakatoka hovyohovyo, yameshikana: "Nilimwambia Rachel si mtu. Nilisema kile kilichotoka. Nilisema kitaenda chenyewe. Na usiku wa jana, Lavender, usiku wa jana nilitaka kiende, ili nisije hapa kukwambia haya."

Lavender alimtazama. Hakutukana. Ingekuwa nafuu.

Kitini hakukuwa tena na mtu. Kulikuwa na leso, na mtoto juu ya leso, na chini ya kiti maji ya kijani yanayonuka. Wakio hakufungua vifungo vya blauzi, alivikata. Alimwinua mtoto na kumbandika kifuani, na ule ubaridi ukamwingia mpaka mgongoni, akakaa, akaegemea, akavuta pumzi kwa nguvu na kuitoa, akavuta na kuitoa, kama anayevukuta moto wa kuni mbichi. Soksi zake mbili zilikuwa nje, sista anaona, Thadeus anaona, mkwe anaona.

"Pumua," alimwambia. "Pumua, wewe mtu."

Sista alihesabu kwa sauti. Alipofika arobaini na moja, mtoto alikohoa.

Wakio alikaa kwenye kile kiti siku thelathini na nne. Kina mama wa kanisa walishuka kutoka Ronge kumtembelea, wakamkuta vile alivyo, wakaangalia, wakaenda kusema. Danson alirudi, akaambiwa na mkewe, na wiki nzima alimsalimia mama yake akiangalia sakafu. Lavender alimwita mtoto Ooko. Wakio alipouliza maana yake, akajibiwa kwamba kwao ni jina la aliyezaliwa nje ya nyumba. Alisema bila kumwangalia.

Ooko sasa anakimbia, anavunja vikombe, anapumua kama watu. Lakini mgongoni ana mahali penye baridi. Rangi haionekani, ukimgusa ndipo unapajua, hata mwezi wa pili Voi inapochemka: kiganja na vidole vitano. Wakio akishuka kutoka Ronge, kabla hajapewa chai, Lavender humvua mtoto shati na kumgeuza.

"Mama, leta mkono."

Wakio huuweka. Unaingia sawasawa, mpaka kidole cha mwisho alichovunja kwenye kinu akiwa msichana, kilichopona kikiwa kimepinda.