Breki za Ubaldo

Aliyepatwa na haya ni rafiki yangu Arcesio, fundi wa magari ya jipu huku kwetu Quindío, kwenye milima ya kahawa ya Kolombia. Mdogo wake, Ubaldo, alifia kwenye mteremko akiwa na magunia ya kahawa, breki zilipogoma. Waliodandia nyuma, walioruka wakapona, walimsikia akikanyaga pedali ya breki mpaka korongoni.

Arcesio akalitoa jipu korongoni, kuukuu la mwaka hamsini na nne, akalinyoosha, akalifunga breki mpya za diski. Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba ya mafuta ya breki, maana ukibaki breki hazishiki; ni kazi ya watu wawili: mmoja juu anakanyaga pedali, mwingine chini analegeza nati. Miaka yote wa juu alikuwa Ubaldo.

Nubia, mjane wa Ubaldo, aliahidi kuja kusaidia akishafunga duka. Arcesio akatangulia kuingia uvunguni mwa jipu, kwenye giza, na mazoea yakamponyoka mdomoni: "Kanyaga basi, mzembe we!"

Juu pedali ikalia, nyiii. Mafuta yakamrukia mkononi.

"Achia," akanong'ona. Ikaachia.

Wakamaliza magurudumu yote manne. Hakuthubutu kuchungulia.

Nubia alimkuta bado kalala chali, machozi yanamwingia masikioni.

"Shemeji, tayari?"

"Bado. Kuna kaupepo kamebaki."

Miezi minane imepita. Kila alasiri Arcesio hulegeza nati makusudi ili upepo uingie tena, kisha huingia uvunguni na kuita. Nubia huketi mlangoni akisikiliza. Lakini tangu wiki iliyopita pedali haingoji kuitwa. Inakanyagwa, inakanyagwa, haraka haraka, kama ya mtu aliye mteremkoni na breki hazishiki.