Fasi ya Ntwari

Kila jioni Uwizeye alirudi na jerikeni la maji kutoka kisimani Rubondo, akamkuta mama yake, Nyirabizimana, mlangoni akiongea na simu. Hakuwa amempigia mtu. Viungo vya vidole vyake vilivimba, kuandika kukawa mateso. Mwalimu Vanessa wa Mbarara alimwonyesha namna ya kusema, simu ikaandika yenyewe. Basi mama alisimulia habari za Ntwari, kaka yake Uwizeye, aliyefia njiani walipokimbia Kongo. Habari hizo zingeingia katika kitabu cha akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

"Herufi za simu ni ndogo, mimi sizioni," mama alisema. "Unisomee yote, turekebishe, ndiyo umtumie mwalimu."

Siku ya ukurasa wa mwisho, wenzake Uwizeye walikuwa wanaruka kamba uani.

"Uwize, ulisoma yote?"

"Nimesoma, mama."

Hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Akatuma, akakimbilia kamba.

Kesho yake akina mama walikusanyika Mbarara, katika ukumbi mdogo wa Kamukuzi. Mwalimu Vanessa akafungua ukurasa ule mpya, akasoma: "Farasi ya Ntwari iko kando ya moto."

Watu wakaangua kicheko. "Eh! Huyo Ntwari alikuwa tajiri, ana farasi!" mama mmoja akatania.

Nyirabizimana hakucheka. Alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika.

Uwizeye akasimama. "Mwalimu, nilimdanganya mama. Sikusoma. Yeye alisema, nilimsikia: Fasi ya Ntwari iko kando ya muto. Ni kaburi la kaka yangu, mahali alipolala kando ya mto."

"Utusamehe, dada," yule aliyetania akasema kwa sauti ndogo.

Mwalimu alifuta kosa. "Niandike mahali, au fasi?"

"Acha fasi," mama alijibu. "Neno la mwisho la Ntwari lilikuwa hilo. 'Mama, fasi ya kulala iko wapi?'"

Uwizeye akaomba simu. Akasoma kurasa zote kwa sauti, neno kwa neno, akisimama kila mara mama yake alipoinua mkono. Walipomaliza, machozi ya mama yalikuwa yamekauka mashavuni.

Mama akamvuta karibu. "Simu inasikia sauti, binti yangu, lakini haijui fasi tulilia. Wewe unaijua. Ndiyo maana kazi ya kusoma nilikupa wewe."