Laini ya Nne

Mvumo mmoja ulisikika usiku, mfupi na mkavu, kutoka ndani ya kabati la nguo.

Binti mkubwa alifumbua macho. Ilikuwa simu inayotetemeka, hilo alilijua. Lakini ya kwake ilikuwa chini ya mto, ya mama sebuleni kwenye chaji. Kabatini kulikuwa na simu ya kaka yao tu, na betri yake waliitoa siku ya maziko.

Kwenye kitanda cha pili, mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile, alikuwa amejifunika gubigubi, simu sikioni.

"Nakusikia," alinong'ona. "Endelea."

Mkataba wa simu zao aliuchagua binti mkubwa mwenyewe, kabla ya usiku ule. Alichoka kununua vocha za vipande vipande, akampeleka mama yake, fundi cherehani, kwenye duka la simu. Muuzaji, kijana ambaye wateja walimwita Bwana Dakika kwa kuwa hata salamu zake zilikwenda mbiombio, aliwaeleza kila kifurushi. Kilichowafaa kilikuwa cha familia: kuongea wenyewe kwa wenyewe bila kikomo, mchana na usiku. Sharti lake, wawe watu wanne. Wao walikuwa watatu.

Binti mkubwa akakumbuka laini ya marehemu. Haitumiki, alisema, si ijaze nafasi tu?

Bwana Dakika alicheka. "Mkataba haujali nani bubu, dada. Unataka vichwa vinne, basi."

Mama alitia sahihi, tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Tangu maziko hakuwahi kulitaja jina la mwanawe. Alisema "yule", au "mwenzenu", na mtu akilitaja mbele yake, aliinuka akatoka.

Baada ya mvumo ule nyumba haikutulia. Kitindamimba alianza kusinzia mezani, akinyauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani. Sikio lake la kulia lilikuwa baridi, na simu yake ilinuka udongo mbichi. Alisema kaka anampigia, anamsimulia vichekesho vya zamani, ila huko aliko hana wa kucheka naye. Wakamnyang'anya simu, wakaificha chumbani kwa mama, ikaendelea kuita humo humo. Binti mkubwa akaikata laini ya marehemu vipande kwa mkasi wa cherehani, na bado simu ikaita, na kitindamimba akaitikia, "Naam, kaka," kabla mtu hajapokea.

Alirudi dukani mbio. Bwana Dakika alifungua kompyuta yake, akaanza mzaha, akauacha njiani.

"Dada, laini ya nne ndiyo inayoongea kuliko zote," alisema polepole, kwa mara ya kwanza. "Na inapiga kwa mtoto tu."

Alikiri kwamba yeye huuza vifurushi, haagui. Alichokijua ni kimoja: ili laini iondolewe, mwenye mkataba apige huduma kwa wateja, alitaje kwa sauti yake jina la anayemwondoa. Mwenye mkataba alikuwa mama.

Mama alikataa. Hakuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona.

"Nikilitaja nitakuwa nimemzika."

"Tulishamzika, mama."

"Ninyi ndio mlimzika. Na kama ni yeye?"

Binti mkubwa alipiga magoti kando ya cherehani. "Lile ni jini, mama. Mimi niliacha nafasi yenye jina bila mtu, likaingia likakaa. Kama ni mwanao, mbona hajakupigia wewe?"

Mama akaukata uzi kwa meno.

Jua lilikuwa linazama walipousikia mlango wa nje ukifunguliwa komeo, na walipotoka wakamkuta kitindamimba kizingitini, pekupeku, simu aliyoiiba chumbani ikiwa imegandamana na sikio lile baridi, akisema kwa upole kwamba anakuja, asubiriwe, yuko njiani, na harufu ya udongo mbichi ikajaa ukumbi mzima hata wakakohoa, na dada yake akamkumbatia kiunoni akavutwa naye, miguu ikiburuzika sakafuni kana kwamba kule nje kuna mtu mzima anayemvuta mtoto kwa mkono wa pili, ndipo mama alipoikamata simu yake mwenyewe, akapiga huduma kwa wateja, na sauti ya mwanamke ikamwomba ataje jina la mtu anayemwondoa, na chini ya sauti ile, karibu zaidi, ikapumua sauti nyingine, ya kijana, ile ile aliyoilea tangu haijajua kutamka, ikimsihi, mama, usinitaje, mama, nitabaki na nani, na mama akamtazama bintiye mdogo aliyekuwa ameshavuka kizingiti kwa mguu mmoja, machozi yakimfika kinywani, akakifungua kinywa hicho.

"Zuberi," akasema.