Bumu Jepesi la Msusi

Soko la vifaa vya michezo vilivyotumika lilikuwa limejaa hata ukikohoa unamkoholea mwenzio usoni. Msusi alijipenyeza kati ya baiskeli na rundo la raketi, amevaa gauni la maua madogo ya njano, raba nyeupe na kitambaa cha zambarau kichwani. Akakiona kitu alichokitafuta msimu mzima. Akakishika. Upande wa pili mkono mwingine nao ukakishika.

"Kaka, achia. Mimi ndiye wa kwanza."

"Dada, hili nimelitazama tangu asubuhi."

"Basi limeshachoka kutazamwa. Achia."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, mikono ya shati la buluu ameikunja, vidole vimekauka kwa gundi. Alikuwa fundi wa mbao za tanga, zile ambazo mtu husimama juu yazo majini akavutwa na upepo. Nacho walichokigombea ni bumu, ule upinde mrefu unaolizunguka tanga, ambao mwenye ubao huushika kwa mikono miwili. Mengi ni ya alumini, mazito. Hili lilikuwa la kaboni, jeusi, jembamba, jepesi kama ufito.

"Unalitakia nini?" fundi akauliza.

"Nasuka nywele kutwa, mikono juu. Ikifika jioni bega linalia. Bumu zito siliwezi tena, na kuacha maji siwezi."

Fundi aliposikia habari za bega akaachia. Lakini hakuondoka. Aliokota bumu jingine la kaboni, nene kidogo, akayarefusha yote mawili mpaka kipimo cha tanga la msusi.

"Likiwa fupi kila bumu ni zuri. Lirefushe kwanza, ndipo ulinganishe. Haya, fumba macho."

Akafumba. Akapewa la kwanza, akapewa la pili. Watu wakapita wakiwasukuma, wala hakufumbua.

"Hili la pili ni gumu zaidi, halipindi," akasema. "Lakini la kwanza bega langu limelipenda."

Fundi akaligonga la kwanza kwa ufunguo wake, toka mbele mpaka mkiani. Likaita sauti kali, safi. "Hili ni zima. Lichukue. Mimi nitachukua nene, na namba yako ya simu."

"Namba yangu haiuzwi."

"Basi niazime."

Akamwazima, na hakuidai tena.

Mapenzi yao yalikuwa matamu, ila yalijaa simu. Upepo ukianza tu kutikisa mapazia ya saluni, msusi anakwenda ziwani, na simu ya fundi inamfuata.

"Mpenzi, umefika ziwani?"

"Nimefika."

"Umekagua kamba?"

"Nimekagua."

"Jaketi la kuelea?"

"Wewe ni mpenzi wangu au mama yangu?"

"Mama yako ameshanipigia. Anauliza hayo hayo."

Msusi alicheka. Hakujua jinsi mwenzake alivyokaa huko karakanani, kikombe cha chai kimepoa, macho dirishani kwenye matawi yanayoyumba. Anayeshinda na vilivyovunjika huona ufa hata kwenye sahani mpya. Kila siku fundi aliletewa mlingoti uliokatika, ubao uliopasuka, na kila alipoushika alimwona msusi wake katikati ya maji, tanga limelala, upepo unamchukua unakotaka wenyewe.

Pepo kali zilipoingia, hofu ikamshinda akili. Akamwambia, "Mpenzi, bumu lako lina ufa. Liache nilitengeneze." Akampa la alumini. Hesabu yake ilikuwa hii: zito litamchosha upesi, naye atarudi nchi kavu mapema. Na kweli msusi alirudi mapema, akikanda bega, akisema, "Kaboni yangu lini, baba?" Naye akajibu, "Gundi haijakauka, mpenzi." Gundi gani hiyo isiyokauka?

Siku moja msusi aliingia karakanani bila kupiga hodi, amebeba maandazi ya moto. Fundi alikuwa ametoka. Alikuwapo dada yake, mshona matanga, ameinamia cherehani.

"Wifi, karibu! Umefuata bumu lako nini? Lile pale ukutani."

"Gundi imekauka?"

"Gundi ya nini? Lile zima kama yai. Hajaligusa tangu alitundike."

Msusi akaweka maandazi mezani, akalishusha bumu lake. Fundi akamkuta mlangoni.

"Bega langu limelia mwezi mzima," akamwambia, sauti ya chini, macho yanawaka. "Usiku ulikuwa unalikanda, unaniambia pole. Pole ya nini, na wewe ndiye uliyeniumiza?"

"Niliogopa, mpenzi. Nilidhani..."

"Kuogopa si kosa. Ungesema 'naogopa.' Wewe ulisema 'kuna ufa.'"

Akaondoka. Akabadili njia ya kwenda kazini, simu haipokei. Fundi alipungua hata mkanda wa suruali ukaomba tundu jipya.

Yakaja mashindano ya kuvuka ziwa, kwenda ng'ambo na kurudi. Asubuhi hiyo mshona matanga alikuwa ufukweni akitia matanga viraka, akamwona wifi yake anafunga bumu jepesi kwenye mlingoti. Zamani kibanio cha mbele, kile kinacholishika bumu kwenye mlingoti, alikuwa anafungiwa na fundi, taratibu. Sasa alikifunga mwenyewe, kwa ile nguvu ya mtu mwenye hasira, meno ameyakaza. Mshona matanga akampigia kaka yake: "Njoo upesi. Huyu mtoto anakibana kile kibanio kama anakunyonga wewe."

Fundi akaja mbio, bumu nene begani. Kaboni huhimili upepo wa kila namna, lakini kibanio kikizidi kukazwa huiponda kwa ndani, na nje huoni kitu. Aliyaona yote akilini: katikati ya maji, mlio mmoja, bumu vipande viwili. Ulimi ukamjaa maneno. Kisha akakumbuka: lipi atakalosema liaminiwe? Neno "ufa" alikwisha kulila mwenyewe.

Msusi alisimama, suruali ya mpira nyeusi, jaketi jekundu, kidevu juu. "Umekuja kuniambia nini leo? Mlingoti? Kamba? Au lina ufa tena?"

Fundi aliinama. Akalaza bumu lake mchangani karibu na lile jepesi, akatoa ufunguo, akampa.

"Sisemi. Masikio unayo. Yagonge mwenyewe, yote mawili, kisha uende na unalolitaka."

Akarudi nyuma, mikono mgongoni ili asiinyoshe.

Msusi nusura aurushe ule ufunguo ziwani. Washindani walikwisha kuanza kusukuma mbao zao. Lakini akapiga magoti. Akaligonga nene, likaita toka mbele mpaka mkiani. Akaligonga lake. Mkiani likaita. Katikati likaita. Karibu na kibanio likajibu sauti iliyokufa, kama chungu chenye ufa. Akarudia. Akalikandamiza kwa goti, na ndani pakatoka mlio mdogo mkavu, kama mtu anatafuna punje.

Akaulaza ufunguo mchangani. Kisha akafungua kibanio, akalifunga bumu nene, taratibu safari hii. Akasukuma ubao wake, hakugeuka.

Fundi akabaki na dada yake. Matanga yakawa madogo, yakawa kama kucha, yakapotea. Hakupiga simu kwa mtu, hakuomba mashua ya waokoaji. Alikaa tu, akichimba mchanga kwa kisigino mpaka maji yakatokea. Wa kwanza akarudi, watu wakashangilia. Wakarudi wengi. Jaketi jekundu halionekani.

"Kaka, pumua," dada yake akamwambia.

Msusi alikuja karibu wa mwisho, amesimama, magoti ameyakunja, bega moja limeshuka. Fundi akaingia majini na viatu, akashika pua ya ubao.

"Huniulizi kitu?" msusi akamwambia, anahema.

"Nina la kuuliza, naogopa."

"Sema hivyo hivyo, ukiogopa."

"Utakubali nikuoe?"

Msusi alimtazama. Maji yalimchuruzika kidevuni. "Jumamosi ijayo nakuja tena ziwani. Na ile nyingine."

"Najua."

"Utaogopa."

"Nitaogopa sana. Nitakwambia kwamba naogopa, basi."

"Hiyo naweza kukaa nayo," akasema. "Nimekubali."

Wakatoka majini. Msusi alivaa koti lake, lakini mikono ilikuwa imechoka, zipu ikamshinda. Fundi akaifunga yeye, taratibu, mpaka chini ya kidevu, na wala hakusema kwamba baridi itamuua.